Gauni la Upande Mmoja

Fundi mwenzangu ananipandisha presha. Tangu akatwe titi kwa saratani na dawa zimkatishe hedhi ghafla, chumba chetu cha cherehani hakina amani: feni awashe, feni azime, jasho linamchuruzika hadi kwenye kitambaa. Mkasi anautafuta huku ameushika.

"Dada, si umwombe daktari homoni za kutuliza hilo joto?"

"Amekataa, mdogo wangu. Anaogopa zitaiamsha saratani."

Leo gauni la bibi harusi kaliachia nafasi ya titi upande wa kulia tu. Kushoto bapa kama meza ya kupigia pasi. Nikamtupia. "Umeshona nini hiki?" Akaliweka kifuani pake, likamkaa sawasawa.

"Nimesahau kuwa wenzangu wana mawili," akasema, akawasha feni.