Kanda Iliyofukizwa Udi

Wanangu hunicheka kwa sababu ya diski. Ninayo moja kabatini, nyingine iko kwa dada yangu Kilifi, na kila baada ya muda nawasumbua waninakilie upya. "Mama, hizi za siku hizi haziharibiki ovyo," huniambia. Haya, huenda. Lakini mimi nimeona kitu kikiharibika mikononi mwa mtu aliyekipenda kupita kiasi, palepale nyumbani kwetu Malindi, na tangu hapo sina imani na kitu kilicho kimoja.

Miaka ya themanini baba alikuwa akifanya kazi Uarabuni. Kuandika barua hakupenda, akituma kanda za kaseti. Alisalimia mtu mmoja mmoja, akaulizia mbuzi, akaulizia mnazi ulioegemea ukuta, nasi mkekani tukimjibu kana kwamba yumo chumbani. Kisha tulifanya kama wenzetu wote waliokuwa na watu huko: tulirekodi majibu yetu juu ya maneno yake, katika kanda ileile, tukampa msafiri airudishe. Nani angeweka salamu za mwezi uliopita? Sauti yake ilifutwa na zetu, zetu zikafutwa na yake, miaka nenda miaka rudi.

Kanda ya mwisho hatukuwahi kuijibu. Baba alifariki hukohuko, akazikwa hukohuko. Mama hakuwa na kaburi la kuzuru. Alikuwa na kanda ile tu.

Akakaa eda nayo. Nguo za baba alizitandaza juu ya kitunga kilichofunika chetezo, akazifukiza udi, na Ijumaa moja akaiweka na kanda. Alitaka inukie kama vitu vyake vingine. Moshi ulipokwisha, plastiki ilikuwa imepinda na utepe umejikunja ndani. Tuliitia redioni, ikakwaruza, ikanyamaza. Fundi wa redio mjini aliigeuzageuza, akaturudishia.

Mama hakulia. Aliipakata kanda ile mapajani, akasema, "Nimemuua mara ya pili." Mimi binti yake mkubwa, msemaji wa nyumba, nilienda jikoni kubandika chai ambayo hakuna aliyeitaka.

Habari zikamfikia bibi, mamake baba, aliyekuwa akiishi Sabaki. Alikuja na kitu kimefungwa kwenye leso. Kanda ilipofika kwanza tulimpelekea asikilize, akakaa nayo siku kadhaa, na kumbe hakuwa akisikiliza tu. Aliazima redio ya pili kwa jirani, akaziweka mezani zikitazamana, moja ikisema, nyingine ikinasa. "Na mimi nilitaka yangu, mwanangu," alimwambia mama, kama mtu aombaye radhi.

Tukaitia. Sauti ya baba ilitoka kwa mbali, na jogoo wa Sabaki akiwika juu yake. Halafu tukasikia jambo ambalo bibi mwenyewe hakujua limo, maana tangu ainase hakuwa ameisikiliza: sauti yake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemwambia anyamaze. Baba anasema, "Asalaam aleikum, mama," naye anaitika taratibu. Baba anauliza mguu waendeleaje, naye anamjibu wapoa, baba, wapoa. Mtu yuko Uarabuni, mamake yuko Sabaki, na wanazungumza kwa zamu bila kukatizana.

"Subhanallah," alisema bibi, kiganja mdomoni. Nimeona mengi tangu siku ile. Nimeona diski ndogo kuliko sabuni ikimeza picha za harusi za ukoo mzima. Lakini ajabu iliyonifanya nishike ukuta ni ile, ya redio mbili juu ya meza ya bibi, na ndiyo iliyomo ndani ya diski zangu, pamoja na jogoo wake.

Mwishoni baba alifika kwa mama. "Na wewe, mke wangu, wanisikia?" Hapo bibi hakuwa amejibu. Salamu ile haikuwa yake, akaiachia nafasi, na kanda ikawa yazunguka kimya.

Mama akasogea, akainama mpaka uso ukakaribia redio.

"Nakusikia," alisema.