Ng' ya Ng'ombe

Mpaka leo mtu akiniambia "si ni kaalama tu hako," damu hunichemka. Nazungumzia ritifaa, ile alama inayoning'inia juu baada ya ng katika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa. Nilichapwa kwa ajili yake darasa la tatu, na mwalimu aliyenichapa nilimsamehe mwaka 2008, siku nilipogundua kwamba kuna watu wazima, wenye digrii zao, ambao hawakuchapwa vya kutosha.

Mwaka huo nilikuwa karani katika shule ya sekondari ya kutwa mjini Nakuru. Miezi ya kwanza, baada ya ghasia za uchaguzi, wanafunzi walitufikia kila siku kutoka Molo, Kuresoi na mashamba ya huko juu, wengine wakiwa na sweta za shule tusizozijua, wengine wakiwa na nguo walizokimbia nazo. Tuliwaingiza kwenye kompyuta kwa kusikiliza tu, kwa sababu vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vimebaki nyumbani, na nyumba zilikuwa zimeungua. Kosa likionekana, tulisema, tutarekebisha baadaye.

Hiyo baadaye ilikuja pamoja na usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Kila mtahiniwa alipewa karatasi yenye jina lake aitie sahihi kuthibitisha kwamba haina kosa. Jina lililo hapo ndilo litakalochapwa kwenye cheti, na likishachapwa, kulibadilisha ni safari ya ofisi hadi ofisi mpaka viatu viishe. Wote walitia sahihi isipokuwa msichana mmoja kutoka Kuresoi.

"Huyu si mimi," alisema, akairudisha karatasi mezani.

Jina lake silitaji. Mwaka ule majina yaliulizwa sana kwenye vizuizi vya barabarani, ili kabila la mtu lijulikane, na mimi sitakuwa mtu mwingine wa kulianika lake. Inatosha kusema kwamba jina la mwisho, la baba yake, linaanza na ng' ya ng'ombe, na sisi tulikuwa tumeliandika kwa ng ya ngoma. Ukilisoma hivyo linakuwa jina la mtu mwingine kabisa, ama halimwiti mtu yeyote.

Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye funguo nyingi. "Weka sign hapo, wachana na mambo madogo," alimwambia. "Wenzako wamesign."

"Si jina la baba, mwalimu."

"Unataka kufanya mtihani ama hutaki? Hizi karatasi zinaenda Ijumaa. Usiposign, jina lako halitaenda, na hiyo si shida yangu."

Msichana alitazama sakafu, lakini mkono hakuunyoosha. Nilimwambia aende darasani, nitamrekebishia kabla ya chai. Niliona ni jambo dogo. Hapo mimi na naibu tulikuwa tumekubaliana.

Programu yetu ilitengenezwa na kijana mmoja wa Nairobi. Kitufe chake cha kurekebisha kilikuwa kimekufa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nilikuwa nikibadilisha rekodi kwa kuandika amri mwenyewe, nilivyofundishwa kwenye kozi ya jioni. Amri yenyewe si uchawi. Unaiambia mashine: kwenye orodha ya wanafunzi, jina liwe hili, kwa yule mwenye namba hii. Jina unaliweka katikati ya alama mbili ndogo, moja ya kufungua, moja ya kufunga. Hiyo namba ya mwisho hupaswi kuisahau hata ndotoni, kwa sababu ukiiacha, shule nzima inapewa jina moja.

Niliandika, nikabonyeza. Mashine ikakataa. Ikasema kuna kosa la sarufi, ikanionyesha mkia wa jina la msichana, herufi zake za mwanzo zikiwa zimekatwa. Kosa la sarufi! Mashine iliyoshindwa kutamka ng'ombe ilikuwa ikinisahihisha sarufi.

Nilidhani nimekosea namba. Nikaihakikisha, ilikuwa sawa. Nikadhani sina ruhusa ya kubadilisha, nikajaribu na mwanafunzi mwingine ambaye tulikuwa tumemruka herufi moja. Ikakubali bila maneno. Nikarudi kwa msichana wangu, ikakataa. Basi nikachukua marekebisho yote niliyokuwa nayo, nikayapitisha moja baada ya jingine, na yaliyokataliwa nikayaweka kando.

Nikayatazama yale ya kando. Yote yalikuwa na ng'. Lakini hayakuwa ya watu wa kabila moja. Yalikuwa majina ya kutoka kila upande, watoto wa watu waliokuwa wakichomeana nyumba Januari, wamelala pamoja kwenye meza yangu, wote wamekataliwa kwa sababu moja. Sauti hiyo ni yetu sote. Tumeishi nayo kwenye lugha zetu miaka yote, tukashindwa kuona kitu kingine chochote kinachotufananisha.

Nikampigia kijana wa Nairobi simu.

"Sasa madam," alisema, "system inaona hiyo apostrophe inafikiria jina imeisha. Si unajua jina inafungwa na hiyo hiyo alama?"

Ndipo nikaelewa. Ilikuwa kama askari wa lango anayemfungia mtoto akiwa ameingiza mguu mmoja tu, halafu anampigia kelele kwa kubaki nje.

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Toa tu. Andika bila. Hata mimi jina yangu iko nayo, na huwa nairuka."

Nilimuuliza kama mama yake anajua. Alicheka, akadhani natania. Nilikata simu. Jina jema hung'ara gizani, ndivyo tulivyokuwa tumebandika kwenye ukuta wa darasa la Kiswahili, na mashine tuliyonunua kwa karo za wazazi wa shule hiyo hiyo isingeweza kuipokea hata hiyo methali.

Naibu alipopita tena nilimweleza. Akafurahi sana. "Basi ni rahisi. Andika amri moja, utoe hizo vitu kwa majina yote. Shida imeisha."

"Shida ya nani, mwalimu?"

"Madam, ni kaalama tu!"

"Na wewe tukikutoa herufi moja tu kwenye jina?" Nilimtajia herufi ya kutoa, na jina lililobaki lilikuwa tusi katika lugha ya kwao. Aliondoka na funguo zake bila kuaga. Sikujuta, na wala sijutii.

Nilibaki na ile mashine, mimi na yeye, kama wake wenza. Nikafungua rekodi ya majaribio, mwanafunzi ambaye hayupo, nikambatiza ngombe. Ikakubali. Nikambatiza ng'ombe. Ikakataa. Nikajaribu alama nyingine, iliyolala na iliyopinda. Moja ilikubali lakini ikatoka kwenye karatasi kama mraba mweusi. Nikaandika tena ng'ombe, na safari hii nilipofika kwenye ritifaa nilikipiga kitufe chake kwa hasira, mara mbili, kama mtu anayebisha mlango akijua wenyewe wamo ndani.

Ikakubali.

Sikuamini. Nikafungua rekodi, nikakuta ng'ombe ameandikwa vizuri, kwa ritifaa moja tu. Kumbe ukiweka mbili zilizofuatana, mashine inajua hujamaliza kusema, inabakiza moja na kuendelea kusikiliza. Hilo ndilo lililokuwa dawa. Kijana wa Nairobi alikuwa akiiruka ritifaa ya jina lake mwenyewe, miaka yote, kwa uvivu wa kugusa kitufe mara ya pili.

Nikawarekebisha wote waliokuwa kando, kila mmoja kwa namba yake. Wa Kuresoi nikamuweka wa kwanza. Nikachapa karatasi, nikamwita.

Alikuja akiwa na uso wa mtu anayekuja kugombana. Akasoma jina polepole. Akaweka kidole chini ya ritifaa, akakiacha hapo.

"Iko sawa?" nilimuuliza.

"Iko sawa, madam."

Nikampa kalamu. Nilikuwa bado na hasira, nikaanza kumsimulia ya naibu na ya kijana wa simu, jinsi walivyotaka nilikate jina kurahisisha mambo, nikidhani tutacheka pamoja. Hakucheka.

"Kule barabarani walimuuliza baba jina," alisema. "Mtu mmoja aliyetujua alimnong'oneza, taja la kwanza tu, utapita. Baba akalitaja lote. Hakupita."

Akainama, akatia sahihi. Aliliandika jina zima, herufi baada ya herufi, na ritifaa akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.