Daftari la Kwetu na Kwao

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mafuta yangu ya nazi yaligeuka jiwe ndani ya chupa. Ilikuwa asubuhi, ukungu umevifunika vilima vya Kasulu hata shule niliyofundisha, iliyokuwa hatua chache tu kutoka nyumba niliyopanga, haikuonekana. Niliitikisa chupa, nikaipindua, halikushuka hata tone. Kwetu Pangani mafuta ya nazi ni maji mwaka mzima. Nikaamini yameharibika, nikatoka nje kuyatupa.

Bibi Kezia, mwenye nyumba yangu, Muha aliyezaliwa pale pale kijijini, alikuwa anachochea moto. Akaninyang'anya chupa, akaiweka kando ya mafiga, akaendelea kumenya mihogo. Nilipomaliza kunawa uso, mafuta yalikuwa yameyeyuka.

"Hayajaharibika, mwalimu," akasema. "Yamesikia baridi."

Lau ningelishika somo lile la chupa, nisingekuwa na haya ninayokusimulia leo. Lakini ujana una masikio madogo.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wanahamia vijiji vipya, nasi walimu tunapelekwa mikoa ambayo hatujawahi kuota. Baba yangu alipenda sana kujua watu wengine wanaishije, basi nilinunua daftari kubwa, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto niliandika Kwetu, upande wa kulia Kwao. Kila mwezi nilinakili ya mwezi huo, nikamtumia. Kwetu mvua kubwa ni ya Machi. Kwao huanza Oktoba, isiishe mpaka Mei. Kwetu nguo hukauka kabla ya adhuhuri. Kwao huvaliwa mbichi siku ya tatu. Kwetu samaki kwa nazi. Kwao maharage kwa mawese.

Mambo yalianza kunichanganya nilipozoeana na nyumba ya Yakobo. Yeye, mkewe na watoto wao walikuwa wamekimbia kutoka Burundi miaka miwili kabla, wakapewa shamba zuri karibu na kijito. Binti yao Yozefina nilikuwa namfundisha darasa la tatu. Nikaona nimepata hazina: nchi nyingine kabisa, na sihitaji nauli! Kila nilipowatembelea nilirudi na mistari mitatu minne ya kuandika.

Jioni nikamsomea Bibi Kezia. "Burundi wanakula maharage kwa mawese."

"Na mimi jana nilikulisha nini?"

Nikafuta. "Burundi wanakunywa uji bila sukari."

"Sukari ipo dukani?"

Haikuwepo. Nikafuta tena. "Burundi wanalala mapema, saa moja taa imezimwa."

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwalimu, mafuta ya taa yamekwisha kijiji kizima! Basi na mimi niandike huko huko Burundi."

Nilifuta na kuandika hadi karatasi ikatoboka. Sikujua tena kwao ni wapi. Waha na Warundi walisikilizana lugha, walicheka vichekesho vile vile, na mimi niliyezaliwa nchi moja na Waha ndiye niliyehitaji mkalimani. Kuuliza si ujinga, nasi walimu tulilifundisha hilo kila siku. Kumbe mwalimu naye huliandika ubaoni, halafu akalipa kisogo.

Oktoba ile mvua zikaanza. Kijiji kizima kilikuwa shambani, hata watoto waliingia darasani wananuka udongo. Yozefina hakuja wiki nzima. Nikaenda kumwangalia.

Nilimkuta mama yake uani anamwogesha mtoto mchanga. Hakuwa amefunga kilemba, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Cha mtoto pia. Yozefina akachungulia mlangoni, naye kipara. Yakobo alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, hana kofia, kichwa kinang'aa. Jembe limeegemezwa ukutani, kavu, halina hata tope la jana.

"Mama Yozefina," nikauliza, "kule Burundi mvua zikianza mnafanya nini?"

"Tunalima, mwalimu."

"Na hapa je?"

Akamtazama mumewe. "Tutalima."

Akanipa viazi vitamu viwili vya moto, nikashukuru, nikaondoka. Swali moja tu lilibaki, mwanangu, neno dogo la "kwa nini", nami sikuliuliza. Niliona tayari nina jibu: nikalisahau lile "tunalima", nikashika "tutalima", nikadhani kwao husubiri mvua ipite.

Siku mbili baadaye alinijia katibu wa kijiji, kijana mwenzangu, naye kaletwa kutoka mkoa wa mbali. "Mwalimu, una mwandiko mzuri na ile nyumba unaifahamu. Niandikie kwa nini Yakobo halimi. Jumamosi kuna mkutano. Shamba la kijito kila mtu analitaka, na asiyelima anaondolewa."

Nilipaswa kushtuka. Badala yake nilifurahi kwamba daftari langu limepata kazi. Nikaandika ukurasa mzima, safi, usio na doa.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ghala. Yakobo alikaa nyuma kabisa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mkewe kando yake na kilemba chake. Mwenyekiti, mzee wa Kiha mwenye sauti nzito, akatangaza kwamba shamba la kijito halijaguswa, na leo litapata mtu mwingine isipokuwa pana sababu. Katibu akasimama na karatasi yangu.

"Kaya ya Yakobo," akasoma, "inafuata desturi za Burundi. Huko watu hawaanzi kulima pamoja na mvua, bali huisubiri ipite kwanza."

Watu wakaguna. "Ipite iende wapi?" mmoja akapaza sauti. "Burundi si ile pale ng'ambo ya kilima? Mvua yao na yetu si moja?" Vicheko vikazagaa. Nikahisi masikio yanawaka moto.

"Vilevile," katibu akaendelea, "mvua zikianza hunyoa nywele nyumba nzima, baba, mama na watoto, hata mtoto mchanga."

Hapo kicheko kilikatika. Nilitazama huku na huku nisielewe. Wazee walikuwa wanavua kofia mmoja mmoja. Nilidhani nimeandika tusi.

Bibi Kezia akasimama. "Mwalimu, umesema wamenyoa wote?"

"Ndiyo, bibi. Niliwaona kwa macho yangu."

"Na jembe?"

"Liko ukutani. Kavu."

Akamgeukia Yakobo, akasema naye kwa Kiha, polepole. Yakobo akasimama, akavua kofia. Kichwa kilikuwa kimeanza kuota nywele fupi kama nyasi baada ya moto.

"Ni mama yangu," akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Amefariki ng'ambo. Habari aliileta mpita njia. Hata kaburi lake sijui liko wapi. Kwetu mwenye msiba hunyoa nywele, wala hashiki jembe mpaka siku zake ziishe."

"Hata kwetu ni hivyo," mwenyekiti akajibu. Sauti yake nzito ilikuwa imepungua. "Mbona hukutuambia, Yakobo?"

"Mlitupa shamba. Mlitupa mbegu. Watoto wangu wako shuleni kwenu. Niliona haya kuwaletea na msiba."

Mama mmoja alianza kulia, kisha mwingine, na mke wa Yakobo, ambaye kumbe alikuwa amelia kimya kimya siku zote zile, akapata mahali pa kulilia kwa sauti. Mkutano ukavunjika bila kufungwa. Watu wakaelekea nyumbani kwa Yakobo, wengine wakipitia kwao kuchukua kuni na unga.

Mimi nilibaki pale ghalani na katibu, sote wageni, hatujui pa kuweka mikono yetu. Na pale ndipo nilipokumbuka, mwanangu, kwamba bibi yangu alipofariki Pangani, nyumbani kwetu moto haukuwashwa siku tatu. Majirani ndio waliotulisha. Mgeni angepita siku hizo na daftari lake angeandika: watu wa pwani hawapiki.

Jioni nilimwuliza Bibi Kezia kama amenikasirikia. Akasogeza kuni motoni. "Macho yako ni mazuri, mwalimu. Sisi wenyeji hatukuviona vile vichwa, wewe ukaviona, na karatasi yako imemwokolea Yakobo shamba. Lakini macho kazi yake ni kuona. Wewe umeyapa na kazi ya kusema."

Siku za msiba zilipotimia Yakobo alishika jembe, na majirani wakalima naye. Mahindi yalikuwa yamechelewa, hayakubeba kitu. Maharage ndiyo yaliyokubali. Mama Yozefina aliniletea bakuli la kwanza, nikayala huku nikitazama lile daftari, na sikujua niyaandike upande upi. Mpaka leo sijajua. Nimeishi mikoa minne na nimevuka mipaka miwili, na kila ninapodhani nimeupata ule mstari wa katikati, unanihama.

Basi wewe unayejiandaa kwenda nchi za watu, shika haya. Utaona baridi usiyoizoea, chakula kigeni, watu wanaoamka na kulala saa zisizo zako. Ona yote, wala usione haya kushangaa, na andika ulichokiona kama kilivyo. Ila sababu yake usiitunge chumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwulize aliyekilalia. Usiipime nchi nzima kwa nyumba moja, wala nyumba kwa wiki moja, maana hujui wiki hiyo wamefikiwa na nini. Na ukimwona mgeni amenyamaza, usidhani hana la kusema. Huenda anaogopa kukulemea.

Mungu akupe macho makali na ulimi wenye subira. Akupe jirani wa kumlilia popote utakapofikwa na jambo, nawe akufanye jirani wa mtu. Nenda salama, urudi salama, mwanangu. Na asubuhi mafuta yako yakiganda ugenini, usiyamwage. Yasogeze kwenye moto wa mwenyeji, ungoje.