Mguu wa Laiki Elfu Tatu

Mguu wa mwanangu ulinyooka, halafu ukaanza kupinda tena wenyewe. Nikasema huo ni ukaidi wa ukoo wa mama yake.

Sitanii.

Mtoto alizaliwa unyayo ukiangalia ndani. Akafungwa plasta ngumu wiki sita, mguu ukanyooka, kisha akapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma.

"Saa ishirini na tatu kwa siku," daktari akasema. "Inayobaki ni ya kuoga."

Chuma kilimchosha kiuno, hivyo kila wiki tulimpeleka kwa mama mmoja, mtaalamu wa tiba ya mikono. Anagusa taratibu mno, hujui anakanda au anabembeleza. Mtoto alikuwa analala fofofo.

Basi mguu ulipoanza kurudi, mchawi nikampata.

"Mama, mikono yako inamharibu mwanangu!"

Mke wangu akanifinya. Mama mkwe, aliyetusindikiza, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Sikujali. Nilishatangaza mtandaoni kwamba mguu umepona, laiki elfu tatu! Uso wangu ningeuweka wapi?

Yule mama hakupandisha hata sauti.

"Viatu anavaa, baba?"

"Saa ishirini na tatu!"

Akafuta mafuta mikononi, akachukua simu yake. Kumbe ananifuatilia mtandaoni. Akanionesha picha zangu mwenyewe.

Mtoto na shangazi yangu, peku. Mtoto na wafanyakazi wenzangu, peku. Mtoto na fundi aliyekuja kurekebisha dishi, peku. Picha arobaini na moja, kiatu hakuna.

Niseme nini? Kila mgeni alipoingia nilimvua. Wangeuonaje mguu uliopona? Na wageni walikuwa hawakauki.

"Mguu ulinyooka tu, baba. Kupona ni hivyo viatu," yule mama akasema.

Mwanangu akanichekea, hana habari. Nikalia kwa sauti, mbele ya mama mkwe.

"Ukaidi wa ukoo," mama mkwe akasema, akinipa kitambaa. "Sasa tumejua ni upi."

Amerudishwa kwenye plasta. Analia, na kila akilia najua aliyemliza.

Wewe mwenye mtoto kama wangu, mvalishe viatu. Sifa zitasubiri.

Jana shangazi kapiga hodi, simu mkononi. "Hebu tuoneshe ule mguu!"

Nikapandisha suruali, nikamwonesha wangu.