Shina Lililoitwa Mapacha

Mtaani walimwita Mama Wasiwasi, naye hakukana, maana ni mtu wa kurudi njiani kuhakikisha amezima jiko. Msimu ule wasiwasi ulihamia nyuma ya nyumba. Alikuwa amepanda mbegu moja tu, ya yale maboga ya maonyesho yanayobebwa na watu wanne.

Asubuhi moja akakuta shina kuu limekuwa bapa kama mkanda wa suruali, majani yamerundikana mahali pamoja, vikono vya kujishikizia vimeota ovyo ovyo. Akaenda jikoni akarudi na kisu.

Jirani yake, fundi viatu, akachungulia juu ya ukuta.

"Hayo mapacha, dada. Mashina mawili yameota yameungana. Boga lake litapasuka kabla halijakua. Kata hilo shina, uliache tawi la pembeni lishike njia."

Mama akaficha kisu nyuma ya mgongo. Chumbani binti yake alikuwa amelala kiubavu, ana mimba ya mapacha, daktari kamkataza hata kuinua ndoo.

"Fundi, hilo neno usilirudie hapa."

"Lipi? Kata?"

"La kabla yake."

Hakukata. Shina likazidi kutanuka, ncha ikajikunja kama inayotafuta mtu, na tawi la pembeni likaanza kunyauka kwa kunyimwa chakula. Kila akilitazama lile shina, alikimbilia chumbani kumtazama binti.

"Mama, leo umeniangalia mpaka nimechoka," binti akasema. "Kuna nini huko nyuma?"

Akamweleza, macho chini. Binti alicheka taratibu, mkono tumboni.

"Kwa hiyo fundi akikata uzi wa pea ya viatu, navyo ni mapacha, mimi niumie?"

"Usinitanie."

"Nenda ukakate, Mama. Dirisha liko wazi. Ukiogopa niite."

Akaenda. Akashika shina, ubaridi wake ukampanda hadi kiwikoni.

"Upo?"

"Nipo."

Akakata. Maji yakachuruzika vidoleni. Kisu kikamponyoka.

"Upo?"

Kimya. Alikuwa ameshafika mlangoni mbio, udongo magotini, ndipo sauti ikatoka: "Nipo bwana, nilikuwa nameza maji."

Akakaa kizingitini, akapangusa udongo magotini. Kisha akarudi, akalielekeza tawi la pembeni lilikotakiwa kwenda, akafukia vifundo vyake vitoe mizizi, akiita jina la binti kwa kila kifundo.