Tofali Lililokanyagwa na Kuku

Asubuhi kanisa letu la kilimani huonekana kama linaelea. Ukungu hupanda kutoka mtoni, hufunika mashamba ya miwa, na kinachobaki ni mnara na paa jekundu la nyumba ya mapadri.

Siku hiyo nilimpandisha nyanya taratibu, hatua kwa hatua. Alikuwa amesikia baada ya misa kwamba nyumba ya mapadri inapigwa plasta, na fundi ameshaanza.

Nyumba ile ilijengwa kabla ya Uhuru. Waliotaka kubatizwa walifyatua matofali mtoni, wakayapandisha kichwani. Watu wazima walibeba mengi. Watoto kama nyanya, moja tu. La nyanya, likiwa bado bichi, lilikanyagwa na kuku. Bruda mzungu aliyesimamia ujenzi alilitazama, kisha akaliweka kando, penye vipande vilivyovunjika.

"Nilibatizwa," nyanya hutuambia, "lakini sijui kama nilijenga."

Kuta za mbele amezikagua kila Jumapili tangu hapo. Ua wa nyuma ulikuwa wa mapadri. Wanawake waliishia barazani. Sasa lango lilikuwa wazi kwa ajili ya mchanga na saruji, tukaingia.

"Huku hatukuwanga tunafika," akanong'ona.

Nusu ya ukuta ilikuwa tayari ya kijivu. Nyanya alianzia pale plasta ilipokomea, akipapasa tofali baada ya tofali, macho karibu ayafumbe. Matofali yalikuwa yamelowa umande.

Nikamweleza fundi habari ya lile tofali. "Nyanya," akasema, "mimi niliitwa kupaka ukuta, sikuitwa kutafuta kuku."

"Basi paka polepole, wewe mtoto. Ukuta huu umekutangulia."

Fundi akacheka, akaketi juu ya ndoo. Ukungu ulipita katikati yetu, na kwa muda nikauona mkono wa nyanya tu, ukitembea peke yake ukutani. Ulifika kwenye bomba la moshi la jikoni, ukashuka, ukasimama. Niliinama. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, vimezama vizuri.

"Ni yeye," akasema.

Fundi naye akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Niliache wazi, nyanya? Wageni walione?"

Kidole cha nyanya kilikuwa bado ndani ya ile alama.

"Paka," akasema. "Mengine yote unayafunika. Hili lina nini?"

Akarudi nyuma hatua moja, plasta isije ikamrukia gauni.