Ufa Ambao Haukuwapo

Juma lililopita tulikuwa Makambako tukisubiri lori la Njombe. Abiria mmoja, mkulima kutoka upande wa misheni ya Kikatoliki, alitoa mfukoni jiwe aliloliokota Ludewa barabara ilipokuwa ikichimbwa. Juu yake palionekana alama ya jani, hadi vijishipa vyake.

"Jani hili lilianguka mamilioni ya miaka iliyopita," alisema.

Mwalimu mmoja wa Kilutheri akatikisa kichwa. "Dunia si ya zamani hivyo. Mungu aliliumba jiwe pamoja na alama yake. Jani hilo halijapata kuwa juu ya mti."

Kisha akamgeukia mama muuza vibuyu, akachagua kimoja cheusi chenye ufa ulioshonwa.

"Hiki kimetumika sana, mama?"

"Hapana, mwalimu, ni kipya. Nimekifukiza moshi kiishe uchungu."

"Vema. Na hapa kilipasuka lini?"

"Hakikupasuka. Nilikichanja kwa kisu, nikakishona. Watu wanapenda kibuyu kilichokwisha kuzoea kazi."

Mwalimu akakirudisha chini kwa kishindo. "Moshi sawa. Lakini kushona ufa ambao haukuwapo ni kutudanganya!"

Mkulima akamwekea tu lile jiwe kiganjani.

Njia nzima hadi Njombe, mwalimu alikuwa akilipapasa lile jani kwa kidole gumba. Mimi sijui umri wa dunia. Ila naona tunamtaka muuza vibuyu awe mkweli, halafu Mungu tunamkabidhi kisu na uzi.